Stakabadhi ya Hamasa

Nilishona bendera mia mbili na arobaini
kwa siku tisa, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Kinachotesa ni ule mkanda mweusi wa mshazari:
ukipinda nusu inchi
nchi nzima inalegea mlingotini.
Halmashauri iliagiza kwa barua yenye muhuri.
Malipo, ilisema, baada ya mechi.

Jumanne akaja Shekiondo, mtendaji wa mtaa,
na mgambo wake, na kitabu cha stakabadhi.
Mchango wa hamasa: elfu tano kwa kila cherehani.
Nikamwambia ninazo tatu, moja imekufa tangu Mfungo Nne.
Akasema cherehani ni cherehani.

Mchango, baba, huja na kofia iliyogeuzwa,
hauji na kirungu.
Ukiwa ni kodi, uite kodi,
nijue namlilia nani.

Akaniuliza kama siipendi nchi.
Mimi, ambaye vidole vyangu vina rangi zake
hata nikila wali.

Marehemu Mhina, mume wangu, kuli wa bandarini,
alipanda baiskeli mpaka Korogwe
kuitazama timu hii ikifungwa matatu bila,
akarudi na pancha mbili, anacheka.
Viatu vya golikipa walichanga makuli.
Daftari ninalo:
Semboja wa Chuda, shilingi moja;
Kibwana, "hana leo, kesho";
na chini yake, kwa wino mwingine, "kaleta".
Hakuna aliyemfuata Kibwana kwake na pingu.

Dada yangu Kijoli hapatani nami kwa hili.
Bila serikali, asema, pale uwanjani wangelala mbuzi;
mwanawe kakimbia kwenye nyasi zile
hadi akaonwa na watu wa Dar es Salaam.
Huenda. Sina jibu la mtoto wa Kijoli.
Ninalo swali la paa la zahanati yetu
linalovuja juu ya mizani ya vichanga,
na la goli moja, milioni mbili,
kutoka mfuko uleule.

Nilikwenda, msidhani sikwenda.
Tiketi nilinunua, jukwaa la jua.
Ulipopigwa wimbo wa taifa
miguu yangu ilisimama yenyewe, kama siku zote,
na koo likanikaba pale panaponikabaga.
Ndipo mgambo akamkamata kijana mmoja, ukosi,
kainama anarudisha mnyororo wa baiskeli.
"Simama! Wote simameni!"
Nilikuwa nimesimama tayari.
Lakini alipoamrisha,
kusimama kule kukawa kwake.
Nikamalizia ubeti kinywa kikiwa kikavu,
natazama grisi kwenye vidole vya yule mtoto.

Dakika ya sabini goli likaingia.
Beki wao kajifunga kwa goti.
Tuliruka wote, mimi na mgambo na Shekiondo,
bega kwa bega, hakuna aliyedai risiti.
Kisha kikaitishwa kikao kumtafuta mfungaji,
siku mbili, na posho ya kikao.
Milioni mbili zilitoka.
Mpaka leo Tanga nzima haijui
limelipwa goti la nani.

Mimi nimekwenda ofisini mara nne.
Mara ya nne yule karani akanitolea kiti,
nikajua hapo hela hakuna.

Jana alikuja mtoto wa jirani, Mwanate,
kaokota bendera mtaroni nyuma ya jukwaa,
mkanda mweusi umefumuka upande mmoja.
Bibi, nishonee.
Nilimshonea bila kumtoza, hakuniomba mtu,
na wala simwambii Shekiondo, asije akaliandikia kitabu.
Uzi mweusi uliniishia njiani,
nikamalizia na wa buluu.
Ukisogea karibu utaona.